Dirisha Lisilosema

Kazi moja ya juma, tarehe 14, mwezi wa kumi

Mwipwa wangu Léonie amenipa hiki kitabu cha mistari. Anasema: «Tonton, masolo yako ya kutunga inachokesha masikio ya bantu. Andika humu. Karatasi haina masikio.» Nimekubali. Mimi njo Lumbala, mjomba wake, serre-frein wa reli, mfunga breki, niliyesimamisha gari-moshi la shaba kwa mkanda wa suruali pale Luena, breki zote zikiwa zimekatika. Machinisti alilia akanishika miguu. Humu sitaandika uongo hata mstari mmoja.

Mvua ya kwanza imeshuka leo. Matone yalikuwa kama mayai ya kanga. Moja lilimwangusha mbuzi wa jirani.

Kazi mbili, 15

Mvua. Bukari, ugali wetu, na samaki wa Sanga.

Posho, mwisho wa juma, 19

Watu wa reli wananiuliza mwipwa wangu anafanya nini na ile mashine yake ya kukunja. Nieleze hapa, nichoke mara moja.

Kule Kabongo, Malemba-Nkulu na Sanga, kila maternité, nyumba ya kuzalishia, iko na serveur: mashine ndogo inayokaa macho mchana na usiku, ikishika majina ya watoto wanaozaliwa, kilo zao, na dawa zilizobaki kabatini. Hapa Kamina, katika chumba kimoja nyuma ya gare, stesheni yetu, anakaa yaya yangu Kabedi, dada yangu mkubwa, mama yake Léonie, kuzilinda zote. Akiona moja imechoka, anaiamsha upya. Akiona batri ya huko inakwisha, anaizima vizuri kabla haijaanguka yenyewe, maana ikianguka yenyewe inasahau ilichoandikiwa.

Zamani alifanya kazi hiyohiyo kwa phonie, redio ya kuitana, casque ya kusikilizia masikioni, akiita maternités moja moja. Marehemu bwana yake alikuwa chef de gare, mkubwa wa stesheni, akamfundisha desturi ya reli: ujumbe ukifika kwa simu, unaurudilia neno kwa neno, huongezi kitu, na aliyeutuma anasema «sawa». Bila «sawa» gari-moshi haliondoki. Yaya alifanya hivyo na wazalishaji wote. Phonie ilikufa, casque ikabaki. Hata leo anaivaa kazini, na hakuna anayeshangaa.

Sasa bureau, ofisi ya maternités, inataka programme mpya ya kulindia. Ile ya zamani ni maandishi meupe kwenye weusi, na inatembea kwenye mashine moja tu. Wanataka dirisha zuri lenye vifungo, lifunguke sawasawa kwenye mashine kuukuu ya Kabongo, kwenye hii ya Kamina yenye système nyingine, na kwenye ile nyembamba ya daktari. Wamempa Léonie kazi hiyo. Kwanza achague sanduku la vyombo vya kujengea dirisha, sanduku moja kwa mashine zote. Akimaliza, anaingia kazi kubwa Lubumbashi, mwezi wa pili. Nimeshaambia gare yote kwamba ameitwa na ministre.

Siku ya Mungu, 27

Niliapa kutosema. Kuandika si kusema.

Yaya Kabedi haoni. Ilianza pembeni, kama mtu anayefunga pazia polepole pande zote mbili. Daktari wa macho aliyepita hapa mwaka jana alimwambia ni presha ya ndani ya jicho, na kilichokwenda hakirudi. Sasa anaona mwanga tu, kama aliyefunikwa chandarua kizito. Nyumbani anajua kila kitu kilipo. Barabarani tunatembea pamoja, nimemshika mkono, na watu wanadhani ni mimi ninayemng'ang'ania kwa masolo.

Kazini je? Nilimwendea Swedi, yule kijana wa sokoni anayetengeneza simu na kompyuta, wa jamaa ya wafanyabiashara wa Maniema. Nilimwambia: «Mwanangu, macho yangu imechoka juu ya kusoma sana. Hakuna sauti yenye inaweza kunisomea écran, kioo ya mashine?» Alicheka, maana hajawahi kuniona na kitabu, lakini akaiweka kwenye mashine ya chumbani kwa yaya, nilikodai nasomea. Sauti inatoka ndani ya casque, inamsomea yaya yale maandishi meupe, na vidole vyake vinajibu kwenye vitufe vya clavier. Watu wanaona Mama Kabedi na casque yake. Wanasema: angali vilevile.

Leo, tukirudi kanisani, nikamwambia: «Yaya, umwambie Léonie.»

«Akiyua atabakia hapa kunishika mukono,» akasema. «Minyi sikumusomesha juu ashike mukono.»

«Na hilo dirisha jipya?»

«Kama linasema, nitalisikia.»

«Na kama halisemi?»

Alinyoosha mguu mbele, akaupata mfereji, akauvuka.

Kazi moja, 28

Mvua. Mfereji umebeba kiti.

Siku ya Mungu, 3, mwezi wa kumi na moja

Léonie na Swedi walikaa uani kwa yaya tangu kutoka misa mpaka chai ya jioni. Swedi anamsaidia kujaribu. Sanduku za vyombo ni tatu. Niliwauliza maswali mazito, mpaka Swedi akaweka kikombe chini.

«Papa Lumbala, sikia. Sanduku ya kwanza inachora kila kintu yeye mwenyewe. Kifungo, herufi, mustari, yote na burashi yake. Njo maana iko muzuri, na iko vilevile ku mashine yote.»

«Ya pili?»

«Ya pili haichore. Inafika ku mashine, inapiga hodi, inasema: nikopeshe vifungo byako. Ku Kabongo inavaa nguo ya Kabongo, ku Kamina nguo ya Kamina.»

«Nguo ya kuokota,» akasema Léonie. «Inakuwa mubaya, tonton. Utafikiri dirisha ya wakati wa babu.»

«Na ya tatu?»

«Ya tatu inabeba navigateur muzima mu tumbo, ile ya kufungulia internet. Inakula mémoire yote, kumbukumbu ya mashine. Mashine ya Kabongo itakufa na njaa mbele ya kufunguka.»

Nikawapa majina, maana yale ya kwao yanachubua ulimi: Mchoraji, Mkopaji, na Tumbo. Sasa hata wao wanayatumia. Bila mimi wangekuwa wakisema kizungu mpaka kesho.

Yaya alikuwa anachambua mchele kwa vidole. Akauliza polepole: «Na yenye inasema ni gani?»

«Kusema namna gani, mama?»

«Nauliza tu.»

Kazi tatu, 13

Leo Léonie alimkalisha mama yake mbele ya madirisha matatu ya kujaribu, chumbani nyuma ya gare. Mimi nilisimama mlangoni. Yaya alivaa casque. Alianza na Tumbo: vidole vilikwenda vizuri, lakini mashine ilipumua kama ng'ombe mgonjwa. Akafuata Mkopaji. Nikaona bega lake limeshuka, limepumzika. Kisha Mchoraji. Vidole vikasimama. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara nyingine. Écran ilikuwa nzuri kweli, kijani kama majani ya baada ya mvua, duara moja kwa kila maternité. Nilijua ndani ya casque hakuna kitu.

Léonie akauliza: «Mama, unaiona namna gani?»

Yaya akatabasamu akiielekea ile mashine. «Iko muzuri sana, mwanangu. Umefanya kazi.»

Léonie alifurahi mpaka akamkumbatia shingoni. Njiani kurudi, yaya alinifinya mkono. «Lumbala, ile ya mwisho iko bubu.»

Kazi tano, 15

Nilimwuliza Swedi kwa ujanja, kwamba eti ni kwa ajili ya macho yangu. Anasema sauti haisomi picha, inasoma vifungo vyenye mashine inavijua kwa jina. Mkopaji anatumia vifungo vya mashine yenyewe, kwa hiyo sauti inavitambua. Mchoraji anachora, na kwa sauti ni ukuta uliopakwa rangi. «Unaweza kumufundisha kusema,» akasema, «lakini lazima kuandika majina ya kila kintu, na huyu tuliyenaye hajaweza bado.»

Nimeelewa. Kama watachagua Mchoraji, yaya yangu anatoka kazini, na Léonie atajua kwa nini. Lazima Mkopaji apite, bila mtu kutaja macho. Kazi ya kusemasema. Mungu hakukosea kunipa mimi.

Kazi mbili, 19

Nilimwambia Léonie kwamba umeme wa mvua unapenda rangi ya kijani. Nilimsimulia yule mzungu wa Bukama aliyepaka nyumba yake kijani, radi ikaingia kwa dirisha, ikakaa mezani, ikala. Alicheka mpaka akaweka mashine pembeni.

Posho, 23

Nilimwambia kwamba zamani gare moja walichora ishara za njia ukutani badala ya kuweka taa, kwa sababu mchoro ulikuwa mzuri zaidi. Gari-moshi halikusimama mpaka leo, bado linatembea, abiria wamezaa humo ndani.

«Tonton,» akasema Léonie, «na ule mbuzi yenye iliangushwa na tone la mvua, iliamka?»

Swedi akasema: «Iliamka. Iko na bibi wa pili Kasongo.» Maana mwaka jana nilisema hivyo juu yake Swedi.

Walicheka wote wawili. Yaya peke yake hakucheka.

Kazi moja, 25

Mvua. Sina solo lingine.

Kazi mbili, 10, mwezi wa kumi na mbili

Bureau wamekaa, daktari alikuwepo. Wamechagua Mchoraji. Léonie aliwaeleza kwa haki: ni mwepesi, hahitaji mémoire nyingi, na anaonekana sawasawa kila mahali, kwa hiyo ukimweleza mzalishaji wa Sanga kwa simu «bonyeza duara la kijani», naye ataona duara la kijani. Kabla ya kukata shauri alimgeukia mama yake, mbele ya wote: «Mama, weye njo utaitumika. Unachagua gani?»

Ilikuwa nafasi yake. Nilimwangalia nikimwomba kwa macho, nikasahau.

«Chagua yenye unapenda,» akasema yaya.

Kazi tatu, 11

Nimevunja kiapo. Nilimkuta Léonie uani akifua, nikamwambia moja kwa moja, bila solo, bila mbuzi: «Mwipwa, mama yako haoni. Mwaka muzima sasa. Ile casque inamusomea. Dirisha lako litamufukuza kazi.»

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, polepole, akifuta povu usoni. «Eh, tonton. Hii njo umeifikisha mbali.»

«Ni kweli.»

«Jana alinisuka nywele. Asubuhi alitoa majiwe mu muchele. Na anaenda kazini kila siku.»

«Muulize.»

Hapo akakasirika. «Mwanamume muzima, unacheza na macho ya mama yangu juu ya dirisha? Mama. Mama, kuya kidogo.»

Yaya alitoka jikoni. Alikuja moja kwa moja, hakugusa kitu, akapita kati ya ndoo mbili, akachukua taa kwenye msumari wake, akampa Léonie mkononi. «Tonton yako amesema nini tena?»

«Anasema weye huone.»

Yaya aligeuza uso kuelekea kwangu, hata nikadhani atasema. Mvua ilikuwa inaanza juu ya mabati.

«Lumbala,» akasema, «weye na masolo yako.»

Nimeitwa mwongo maisha yangu yote, na kila mara nilikuwa nimedanganya. Leo ndiyo mara ya kwanza iliniuma.

Kazi tatu, 25

Noeli. Yaya hajanisemesha tangu siku ile. Alinitumia kuku kwa mkono wa Léonie.

Siku ya Mungu, 29

Yaya amekuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, peke yake, akifuata ukuta kwa mkono. Magoti yalikuwa na matope. Akakaa.

«Dirisha litawekwa kisha mwaka mupya,» akasema. «Utanifundisha.»

«Nikufundishe nini, yaya? Haliseme.»

«Weye uko na macho. Nieleze vifungo viko wapi. Nitavishika mu kichwa, sawa na njia ya kwenda kisimani. Léonie anaenda mwezi wa pili. Ni mwezi moja tu ya kuvumilia. Akishapanda gari, nitaacha kazi minyi mwenyewe, nitasema nimezeeka.»

Nilimwambia kwamba hakuna mwalimu kama mimi kutoka hapa mpaka Kalemie. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku, aliguna.

Kazi ine, 2, mwezi wa kwanza

Tumeanza. Léonie akienda sokoni, tunaingia chumbani. Mimi nasoma écran, yeye anarudilia, kama reli.

«Kabongo iko juu kabisa,» nasema.

«Kabongo iko juu kabisa.»

«Malemba chini yake. Kisha Sanga.»

«Malemba chini yake. Kisha Sanga.»

«Ku mukono wa kuume, kifungo cha kuzima. Unapita na ile touche ya mishale, mara moja chini, mara moja kuume.»

«Mara moja chini, mara moja kuume.»

«Sawa.»

Amejua yote kabla uji haujapoa. Mwishoni akauliza: «Na hizi majina, haitembee? Kila siku Kabongo iko juu?»

«Kila siku.»

«Uliangalia?»

«Yaya, niliangalia kila pahali. Nililala na hili dirisha. Kama Kabongo inatembea, nikate kidole.»

Akakubali.

Kazi tano, 10

Anaendesha vizuri: mzalishaji akipiga simu kueleza shida, vidole vyake vinajua njia. Daktari amempongeza. Bureau wanasema wazee wa Kamina wanajua kujifunza. Nimewaambia mimi njo mwalimu, ila sikusema wa nani.

Kazi tatu, 15

Mvua kubwa tangu asubuhi. Nyoka ameingia jikoni kwa jirani kutafuta ukavu. Ni kweli.

Kazi ine, 16

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mchana mbingu ilikuwa nyeusi. Nilikuwa sokoni na Léonie kwenye meza ya Swedi, tumejificha chini ya turubai, maji yakifika kwenye vifundo. Simu ya Léonie ikalia. Mzalishaji wa Kabongo: jua halijatoka siku mbili, batri inaanguka, serveur izimwe haraka kabla haijazimika yenyewe, na nakala za huko hazijatoka tangu Noeli kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya; amemwambia na Mama Kabedi, laini ikakatika. Léonie akasema: «Mama iko pale. Ameshaona.» Lakini akapiga simu kwa mama yake, simu haikushika. Tukakimbia. Radi ilianguka nyuma ya gare, na umeme wote wa kando ile ukakatika mbele ya macho yetu, nyumba kwa nyumba.

Tulipofungua mlango chumba kilikuwa giza. Mashine ya ulinzi iko na batri yake, ilikuwa inatembea, taa yake ndogo ya chini inawaka. Écran haina batri. Ilikuwa imekufa, nyeusi kama sufuria.

Yaya alikuwa amekaa mbele yake, mgongo umenyooka, casque masikioni, vidole kwenye clavier. Mara moja chini. Mara moja kuume. Alituhisi.

«Ngoja kidogo, mwanangu,» akasema. «Niko nazima Kabongo.»

Léonie alisimama na maji yakimtiririka. Aliangalia écran. Akamwangalia mama yake, namna macho yake yalivyoielekea ile nyeusi, yametulia, kama mtu anayesoma.

«Mama, uko naangalia nini?»

«Kabongo.»

Mvua ilipiga mabati. Kisha yaya akainua mkono, akaugusa uso wa écran kwa vidole, akasikia umepoa, na akaelewa. Alivua casque, akaiweka mapajani. Sikuwahi kuona kichwa chake bila casque katika chumba kile. Kilikuwa kidogo.

Léonie akapiga magoti kwenye matope tuliyoleta. Hakulia. Alimpitishia mama yake mkono mbele ya macho, huku na huku, kama mtoto anayecheza. Kisha akanigeukia mimi.

«Ulinambia.»

«Nilikuambia.»

«Na minyi nilicheka.»

Swedi akafika na écran nyingine na batri ya gari, akaunganisha. Hapo tukaona la pili. Dirisha la Mchoraji halipangi majina kama mimi nilivyosema. Maternité yenye shida njo inapanda juu, ili mlinzi aione haraka. Léonie alilitengeneza hivyo kwa makusudi mazuri. Siku zile zote nilizoangalia, Kabongo ndiyo ilikuwa na shida ya mtandao. Leo Malemba-Nkulu ilikatika dakika chache, ikarudi, ikabaki juu. Yaya alizima Malemba. Alifanya sawasawa kama nilivyomfundisha. Kabongo ilianguka yenyewe.

Yaya akauliza: «Lumbala. Uliangalia?»

Kazi tano, 17

Sikujibu jana. Sijibu leo.

Kazi mbili, 21

Malemba iliamka bila kupoteza kitu. Kabongo imesahau kila kilichoandikwa tangu Noeli. Swedi amejaribu kila namna. Dawa zitahesabiwa upya. Mama wengi wataitwa tena walete watoto wapimwe.

Lakini mzalishaji alipiga simu akaomba kusema na Mama Kabedi mwenyewe, maana wanajuana tangu phonie. Kuna mama mmoja, mtoto wake alizaliwa baada ya sikukuu, akaishi siku mbili. Alikuwa ameahidiwa karatasi ya mashine yenye jina na kilo. Amekuja kuichukua. Anasema hana kitu kingine cha kuonyesha kwamba yule mtoto alifika.

Yaya alisikiliza mpaka mwisho. Akarudilia, neno kwa neno, kama desturi. Jina la mtoto alilirudilia mara mbili. Akangoja «sawa» ya kule, akarudisha simu kwa Léonie, akaenda kulala mchana.

Siku ya Mungu, 2, mwezi wa pili

Léonie ameandika Lubumbashi kwamba haendi. Ugomvi mkubwa. Nimeusikia wote, mlango haukuwa na haja ya kufunguliwa.

«Nitakaa na weye.»

«Ukikaa, minyi naenda Kabongo na miguu.»

«Mama, huone njia.»

«Njo maana hutanipata.»

Yaya amekwisha kuacha kazi. Alinituma mimi kupeleka neno bureau. Nilifika, nikalisema kama alivyolisema, nikatoka. Walingoja niendelee.

Kazi tano, 14

Léonie halali. Anajenga dirisha upya kwa Mkopaji. Swedi anamletea mkate. Dirisha linatoka baya, vifungo vya kijivu, lakini kila kifungo kinasema jina lake, na majina hayatembei tena: yenye shida inasemwa kwa sauti, inabaki mahali pake.

Posho, 22

Limekwisha. Léonie alilileta nyumbani kwenye mashine kuukuu ya kukunja aliyopewa na Swedi. Akamwekea mama yake casque masikioni kwa mikono yake mwenyewe. Tukaisikia ile sauti ndogo ikivuja nje ya casque: Kabongo, inatembea. Malemba-Nkulu, inatembea. Yaya alisikiliza zote mpaka mwisho.

«Iko muzuri sana, mwanangu,» akasema.

«Mama, ile siku ulisema vilevile.»

«Ile siku nilidanganya.» Akaivua casque, akaikunja waya vizuri, akampa. «Wape bale ba Lubumbashi. Masikio yangu imejaa.»

«Juu ya ule mutoto?»

Yaya alimtafuta Léonie usoni kwa vidole, akamfuta.

Posho, 8, mwezi wa tatu

Léonie ameondoka. Mamlaka ya mama yake ilimshinda. Bureau wamekubali serveurs zilindwe kutoka Lubumbashi, na yeye atakuwa mmoja wa walinzi. Gari lilichelewa, tukalingoja kwenye matope tangu asubuhi. Akaniambia: «Tonton, ile mashine ya kukunja inabakia. Haiwezi kuzima kintu, inaonyesha tu. Akiuliza, umusomee.»

«Na sauti ya casque?»

«Haitaki. Nimemuuliza mara ngapi.» Akaingia, akatoa kichwa dirishani. «Minyi sasa nakuamini kila kintu, tonton. Hata mbuzi.»

Nilitaka kumwambia juu ya mbuzi. Gari likaondoka.

Kazi mbili, 11

Yaya hajauliza.

Kazi moja, 17

Hajauliza.

Kazi ine, 27

Leo jioni, nikimsindikiza kutoka kisimani, akasema ghafla: «Kabongo iko?»

Nikaingia ndani kufungua mashine. Ilichukua muda kuamka. Niliposoma, nilisoma haraka: zote zinatembea, jua kali kila mahali, wazalishaji wanacheza.

Akangoja. «Wanacheza ku écran?»

«Hapana.»

«Soma tena.»

Siku ya Mungu, 6, mwezi wa ine

Sasa ni kila jioni. Ninaweka mashine juu ya kinu kilichopinduliwa, yeye anakaa kando, mikono mapajani, pale casque ilipokaa. Kifaransa changu kinapita polepole kati ya vifungo vya kijivu. Sikusoma sana shuleni, lakini hakuna haraka, na majina ni yaleyale.

Leo haikuwa nzuri. Niliona kabla sijafungua mdomo. Ningeweza kumwambia zote zinatembea; hakuna ambaye angejua, Léonie huko ameshaona na anafanya kazi yake. Na uso wa yaya ulikuwa umetulia kuliko siku zote za msimu huu.

«Malemba-Nkulu, inatembea,» nikasema.

«Malemba-Nkulu, inatembea.»

«Sanga, inatembea.»

«Sanga, inatembea.»

Nikasogeza mashine juu ya kinu.

«Kabongo, imekatika. Tangu mchana. Batri haijulikani.»

Vidole vyake vilisogea juu ya kitenge, mara moja, vikasimama. Alichelewa, lakini akarudilia: «Kabongo, imekatika. Tangu mchana. Batri haijulikani.»

Nilingoja. Ni mimi niliyetuma ujumbe, ni mimi wa kusema.

«Sawa,» nikasema.

«Umeongeza kintu?»

«Hapana, yaya.»

Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa hivyo mpaka mashine ikajizima yenyewe.

Mvua imenyesha kidogo, nadhani ni ya mwisho. Matone yalikuwa kama matone.